Safari ya Tumbo na Fuvu la Kalenga

Umezuka mtindo miongoni mwa wenye nafasi, wa Unguja na wa Dar es Salaam kwa pamoja, kwamba mume na mke wakitaka kuudhihirishia ulimwengu kuwa mambo yao yamenyooka, basi huenda Ulaya. Huenda kwa fungate, au kuadhimisha miaka kumi ya ndoa, au kwa sababu tu jirani amekwenda. Hurudi na picha mia tatu: bibi mbele ya Mnara wa Eiffel, bwana ndani ya mashua ya Venice, na wote wawili nyuma ya meza yenye jibini, mkate mrefu na glasi. Wakiulizwa waliona nini, hujibu walikula nini. Wakiulizwa watu wa huko wakoje, hutaja bei ya hoteli. Safari ya maelfu ya maili hukusanywa ikatiwa ndani ya sahani moja.

Kusafiri si kosa. Wahenga waliposema “tembea uone” hawakuweka mpaka wa mahali. Lakini msemo huo una vitenzi viwili, na wasafiri wa leo wameshika cha kwanza wakakitupa cha pili. Wanatembea, hawaoni.

Wala makala haya hayakuandikwa ili kutoa fatwa juu ya mvinyo. Hilo lina wenyewe, na hukumu yake inajulikana. Linaloulizwa hapa ni la elimu. Yupo mtu leo, mzaliwa wa nchi hii, awezaye kutaja mabonde ya Ufaransa moja baada ya jingine kwa majina ya zabibu zake, na asijue kuwa Iringa hugemwa kinywaji kutokana na mianzi. Hajui kuwa wakati wa mvua chipukizi la mlanzi hukatwa ncha, likafungiwa chombo, likadondosha maji yake usiku kucha. Wala hajui kuwa yakiwa mapya ni matamu, na kila yakikaa huzidi ukali, mpaka yakawa ulanzi wa kulevya. Kujua si kunywa. Mtu aweza kuujua ulanzi asiuonje maisha yake yote, kama ambavyo mjuzi wa nyota hahitaji kuzigusa. Aibu ni kuyajua ya mbali kwa heshima, na ya jirani kutoyajua hata kwa jina.

Na jirani huyo si wa kubuni. Mchele wa Mbeya unasifiwa sokoni kwa jina lake, na mbatata za nyanda hizo huvuka bahari zikaingia majikoni visiwani. Tumbo la mtu wa pwani lilikwisha kufika Nyanda za Juu Kusini zamani. Lililobaki nyuma ni jicho lake.

Haikuwa hivi tangu asili. Neno “safari” lenyewe lilitoka katika lugha hii likaenda kukaa katika lugha za Wazungu, na halikwenda bure: Waswahili walikuwa watu wa kwenda na watu wa kusimulia. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake Mtoro bin Mwinyi Bakari anasimulia safari yake ya Udoe na Uzigua, na Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara. Humo humo Salim bin Abakari anasimulia safari aliyoifanya mwaka 1896 ya Urusi hadi Siberia. Salim hakwenda kustarehe; alimfuata bwana wa Kijerumani aliyekuwa akimtumikia. Hata hivyo alitazama nchi, watu, baridi na desturi, akayaweka katika Kiswahili ambacho mpaka leo chasomeka. Mtumishi yule alirudi na kitabu. Wenye fedha wa leo hurudi na sumaku za kubandika kwenye jokofu.

Wala wenzi wa kwanza wa kisiwani kwenda Ulaya si hawa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Heinrich Ruete mjini Aden mwaka 1867, wakaenda kukaa Hamburg. Miaka mitatu baadaye akawa mjane katika nchi ya baridi. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na ndani yake hakuipigia Ulaya magoti: aliipima kama alivyoipima Unguja. Naye Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, alimwoa Bertha Hilske mwaka 1904. Mwaka uliofuata walipanda meli kuja Dar es Salaam. Serikali ya kikoloni ikawazuia kuingia nchini pamoja, wakarudishwa Ujerumani. Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Anayesema leo kwamba safari ya mume na mke ni starehe tu, akumbuke kuwa wapo waliofika bandari ya kwao wakanyimwa ngazi ya kushukia.

Sasa na waangaliwe mume na mke wengine, waliokwenda upande wa pili. Mwaka 1896 kapteni Tom von Prince alianza kujenga boma la Iringa, na mkewe Magdalene akakaa naye huko wakati mume akimwinda Mkwawa milimani. Bibi yule aliandika. Mwaka 1903 kitabu chake juu ya maisha ya mwanamke wa Kijerumani katika bara la Afrika Mashariki kilitoka Berlin. Mume naye akachapisha chake mwaka 1914, na jina lake kwa Kiswahili ni “Dhidi ya Waarabu na Wahehe”. Msomaji wa pwani na alitazame vizuri jina hilo. Mjerumani hakuona bahari kati ya pwani na Uhehe. Aliwatia wote katika jalada moja, kuwa maadui wa bunduki moja.

Na hakukosea kwa hesabu. Emil von Zelewski, ambaye jeuri yake pale Pangani mwaka 1888 iliwasha vita vya pwani, ndiye aliyeuawa na Wahehe huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Vita vya pwani vilipata utenzi wake: Hemed bin Abdallah el-Buhriy alitunga juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima. Lakini kisa kile kilichoanzia Pangani kilifika mwisho wake Lugalo, na washairi wangapi wa mwambao na visiwa wamekifuata mpaka huko? Aliyempa Mkwawa tamthilia ya Kiswahili, Mukwava wa Uhehe ya mwaka 1979, ni Mugyabuso Mulokozi, mtu wa Kagera. Mwana wa Ziwa Viktoria alipanda milima ya Iringa kwa kalamu, na mwana wa pwani, aliyetukanwa na Zelewski yule yule, amebaki kuhesabu mawimbi.

Iko safari moja zaidi ya Ulaya, ambayo haikuwa na sahani wala glasi. Ngome ya Kalenga ilivunjwa Oktoba 1894. Mkwawa akapigana msituni karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi ili asishikwe hai. Kichwa chake kikakatwa, na fuvu likasemwa limepelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe vitu viwili: Msahafu wa Sayyidna Uthman uliochukuliwa Madina, na fuvu la Mkwawa. Ni Waislamu wangapi wa visiwani wajuao kwamba Msahafu huo na fuvu la mtu wa Iringa viliandikwa katika kifungu kimoja? Fuvu lilichukua miaka mingine thelathini na mitano. Gavana Edward Twining alilichagua miongoni mwa mafuvu mengi ya makumbusho ya Bremen, na Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Mpaka leo wapo wanaouliza kama kweli ndilo. Swali hilo peke yake lingetosha diwani nzima.

Watetezi wa safari ya tumbo hawakosi la kusema. Watasema fedha ni zao. Ni kweli, na hakuna anayewadai. Watasema bara hakuna cha kutazama. Hawa hawajafika Isimila, karibu na mji wa Iringa, ambako nguzo za udongo na mawe zimesimama bondeni na zana za watu wa kale zimelala chini yake. Hawajalichungulia Ziwa Ngozi katika kreta yake huko Uporoto, wala hawajapita Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira. Hawajaona maua ya Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, wala kimondo cha Mbozi, ambacho tangu mwaka 2016 kimo katika mkoa mpya wa Songwe. Watasema Mbeya kuna baridi. Hao hao hununua makoti mazito ili wakapigwe picha na theluji! Watasema njia ni ndefu na mlima Kitonga unatisha, kana kwamba Paris iko Bububu.

Jibu zito zaidi, hata hivyo, liko visiwani penyewe. Hakuna ajuaye kuliko Mzanzibari ubaya wa kutazamwa na msafiri asiyeona. Kila msimu huja wenzi wa Kizungu. Hula kamba na pweza, hunywa wanachokunywa, hupiga picha jua likitua, hupita Mji Mkongwe nusu uchi wakati wa adhana, kisha huondoka bila kujua jina la mtu aliyewapikia. Wenyeji hunung'unika, na wana haki. Basi inakuwaje mnung'unikaji yule yule, akipata nauli, akaige tabia ile ile aliyoilaani barazani? Akifika Berlin husimama mbele ya mifupa mikubwa ya mjusi wa kale, akashangaa, akapiga picha, asijue kuwa ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kuanzia mwaka 1909, kwa jasho la watu wa kusini. Amelipa kiingilio ili aangalie mali iliyotoka nyumbani, na hakuitambua.

Mnamo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Mgeni huyo alijua mahali pa kusimama. Mwenyeji asiyejua hatakuwa na la kumjibu siku atakapokuja mwingine, kwa kuwa radhi huombwa kwa maneno, na hujibiwa na mwenye kumbukumbu.

Kwa hiyo wenzi na waende Ulaya wakipenda, lakini wapitie Kalenga kwanza. Wakifika Bremen wawe na swali, si njaa tu. Na wakirudi, walete maandishi: kurasa kumi za habari ya safari, kama Salim alivyoleta, zina thamani kuliko picha mia tatu. Ama washairi wa pwani, wao hawana hata udhuru wa nauli ya ndege. Bahari imeimbwa, na itaendelea kuimbwa. Haitakauka kwa beti chache kuhamia milimani. Lugalo inangoja utenzi wake kutoka pwani, na deni hilo ni la tangu Pangani.