Kisu cha laki nne, na kile cha jikoni

Mama mmoja wa Mazwi, hapa mjini Sumbawanga, ametuletea shauri. Mumewe ameuza mahindi, na katika fedha hizo ametenga shilingi 400,000 za kuagiza kisu cha kukunja kutoka ng'ambo. Mama anasema kisu ni kisu, na sokoni vipo vya elfu chache. Baba anajibu kwamba cha rahisi ni ghali, maana vya bei ndogo amenunua vingi na vyote vimekufa. Sasa wanapishana mlangoni bila kusemezana. Mama anauliza: nani mwenye haki?

Tuanze na baba, kwa sababu hoja yake si ya kubeza. Kisu cha kukunja kina ugonjwa wake. Pini inayoshika bapa na mpini ikilegea, bapa huanza kucheza. Kama kina kufuli na kufuli ni dhaifu, siku unakandamiza kamba au tawi, kisu hujikunja chenyewe na vidole vyako vipo katikati. Chuma chake nacho mara nyingi ni laini. Unakinoa asubuhi, mchana kimeshakuwa butu. Na kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwani mtu hutumia nguvu nyingi, kikateleza.

Kwa hiyo fedha hununua kitu cha kweli. Chuma cha pua hupata ugumu wake kwa kaboni na kwa jinsi kilivyochomwa na kupozwa. Kikichanganywa na kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5, hakishiki kutu upesi. Visu vya bei ya juu hutumia vyuma vilivyotengenezwa kwa unga wa madini uliogandamizwa kwa joto, na makali yake hudumu muda mrefu. Mfano unaojulikana duniani ni kisu kiitwacho Sebenza, alichokibuni Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani. Jina hilo ni la Kizulu, maana yake kufanya kazi. Mpini wake ni wa titani, na kinauzwa zaidi ya dola 400, yaani kama shilingi milioni moja. Ukikishika, utaelewa kwa nini watu hukisifia. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini ubora haupandi sawasawa na bei. Huko Savoie, Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu cha mfukoni cha wakulima: mpini wa mti, bapa jembamba, basi. Mwaka 1955 kikaongezwa pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisijikunje. Mpaka leo kile cha ukubwa wa kawaida hakifiki dola 25, na kinafanya kazi ya shamba vizuri kabisa. Kutoka kisu cha elfu tatu kwenda kisu cha namna hiyo, umepiga hatua kubwa. Kutoka hapo kwenda cha laki nne, hatua ni ndogo, ila malipo ndiyo makubwa.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Chuma kigumu sana ni kigumu pia kunoa. Jiwe letu la kawaida la kunolea, ambalo kila nyumba inalo uani, litahangaika nalo. Vyuma hivyo vinataka jiwe la almasi na mkono uliozoea. Kisu ambacho huwezi kukinoa nyumbani kina mwisho, hata kama ni wa mbali. Mhunzi wetu anayefua kisu kutoka springi ya gari anakupa chuma kitakachoshika kutu usipokikausha, lakini kinanoleka kwa dakika tano.

Sisi wa Ufipa tusiambiwe habari za thamani ya chuma kama wageni. Wazee wetu walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo kuzidi kimo cha mtu, ambayo upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto. Kisha chuma kilirudiwa katika tanuri dogo, kintengwe, kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua. Kazi ile ilikula miti, siku na nguvu za watu wengi. Na chuma kilichopatikana kwa jasho hilo kilikwenda kwanza kwenye jembe, chombo kinacholisha nyumba.

Hapo ndipo ninapomgeukia baba. Katika nyumba yako, nani anakata zaidi? Ni mama: vitunguu, mboga, migebuka, nyama, viazi, asubuhi na jioni, siku zote za mwaka. Na kisu chake kikoje? Mara nyingi ni kile kilichobaki bapa kama ulimi wa mbuzi, mpini umefungwa kwa mpira. Gunia likiwa shilingi 60,000, laki nne ni karibu magunia saba, na magunia hayo hukuyalima peke yako. Hoja ya ubora unayoisema ni nzuri, ila umeianzia mfukoni mwako badala ya jikoni.

Na wewe mama, usiseme tena kisu ni kisu. Ukisema hivyo unajinyima wewe mwenyewe, maana hakuna atakayekununulia kizuri kama unadai vyote ni sawa.

Shauri langu ni hili. Fedha za mahindi zinunue kwanza kisu kizuri cha jikoni na jiwe la kunolea. Kisha baba apate kisu cha kukunja chenye kufuli imara, cha bei ya kati. Kama moyo wake bado uko kwenye kile cha laki nne, akiwekee akiba polepole kutoka kwenye fedha zake za matumizi, na aseme wazi: "Mama watoto, nakipenda tu." Kupenda kitu kizuri si kosa. Kosa ni kukiita mahitaji ya nyumba wakati nyumba haikuulizwa.

Kaeni leo jioni mlizungumze. Tukutane wiki ijayo.