Kitanda Usichokilalia: Tawasifu, Kiwewe na Msomaji Kijana

Wahenga walilonga kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hupamba insha nyingi za wanafunzi, ila ujumbe wake haujafika katika orodha za vitabu. Vitabu teule vya Kiswahili katika shule za sekondari nchini Kenya aghalabu huwa riwaya, tamthilia na diwani ya hadithi fupi. Kijana husoma kuhusu vita, uyatima na ukimbizi kupitia kwa wahusika wa kubuni, ilhali yule aliyekilalia kitanda chenyewe hapewi nafasi ya kusema. Makala haya yanashikilia kuwa tawasifu za kiwewe zinastahili kufika mikononi mwa vijana, mradi zisigeuzwe kuwa hotuba za ushindi.

Neno kiwewe lenyewe lina funzo. Katika matumizi ya kawaida, hurejelea hali ya kuchanganyikiwa kwa hofu au mshtuko. Katika taaluma ya saikolojia, hutumiwa kutajia jeraha la nafsi linalodumu hata baada ya tukio kupita. Aghalabu aliyeshikwa na kiwewe hupotewa na maneno. Kuandika tawasifu, basi, ni kuyatafuta upya maneno hayo.

Wapo wanaodai kuwa uandishi wa aina hii ni mgeni katika Kiswahili. Dai hilo halina mashiko. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, Shaaban Robert anasimulia msiba wa kufiwa na mkewe, Amina. Humo humo zimo tenzi mbili za mawaidha, Hati kwa bintiye na Adili kwa mwanawe. Yaani, kilio cha mzazi na wasia kwa vijana vimekaa katika jalada moja. Abdilatif Abdalla naye alitiwa gerezani akiwa na umri wa miaka 22 kwa sababu ya kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Ingawa si tawasifu ya nathari, ni ushuhuda wa kijana aliyeteswa. Karibu zaidi na zama zetu, marehemu Ken Walibora, ambaye vijana wengi walimjua kwa riwaya ya Siku Njema, aliyasimulia maisha yake mwenyewe katika Nasikia Sauti ya Mama.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Katika Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, James Mbotela alisimulia masaibu ya waliotekwa utumwani na hatimaye kupewa makao Freretown, Mombasa. Ni hazina adimu ya kumbukumbu. Lakini wahakiki wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwatukuza Waingereza kama wakombozi. Ukakamavu wa mtumwa unafunikwa na shukrani kwa aliyemwokoa. Hapa pana somo kwa wachapishaji wa leo: simulizi ya ustahimilivu inaweza kumtumikia mwenye nguvu kuliko aliyeumia. Kijana anayeambiwa kuwa kila jeraha hupona, naye lake halijapona, atajiona ndiye mwenye kosa.

Suala hili si la nadharia tupu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya. Watoto walioshuhudia nyumba zikiteketea sasa ni watu wazima. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Ripoti na magazeti yamehifadhi idadi. Idadi haisemi jinsi manusura alivyorudi darasani, wala kama alirudi.

Baadhi ya walimu watauliza: je, kusoma maumivu hakutatonesha vidonda? Hofu hii ina msingi, kwani darasani huenda mmekaa mtu mwenye kidonda hicho hicho. Lakini wahenga hao hao walisema kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Kinachotonesha zaidi ni namna ya kusomesha. Mtihani uliozoea kuuliza sifa nne za mhusika utamfanya manusura halisi kuwa orodha ya alama: jasiri, mvumilivu, mwenye bidii, mcha Mungu. Kwa sababu hii, mahali pa kuanzia pawe maktaba ya shule na vikao vya usomaji, wala si chumba cha mtihani. Mwalimu akisome kitabu kwanza, awaarifu wanafunzi yaliyomo, na asimlazimishe yeyote kujieleza.

Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo vina wajibu. Vinaweza kutenga kurasa katika majarida yao kwa ajili ya kumbukumbu za kweli, kwa idhini kamili ya msimulizi, jina lake likifichwa akitaka. Mhariri asahihishe sarufi na tahajia. Mwisho wa kisa aachiwe mwenyewe. Ikiwa msimulizi hajasamehe, asisameheshwe na kalamu ya mhariri. Na ikiwa bado analia, msomaji kijana ana haki ya kujua kwamba mtu anaweza kulia, na bado akaandika.