Nguo Hupimwa Mwilini, Si kwa Namba

Ndugu msomaji, kila shule zinapokaribia kufunguliwa wazazi wengi wa mijini hupata somo moja madukani. Mtoto ana umri wa miaka 9. Muuza duka naye huvuta kutoka rafuni shati la sare lililoandikwa namba ya mtoto wa miaka 9. Kwa mtoto mwembamba shati hilo laweza kumwenea barabara. Lakini kwa mtoto mwenye kifua kipana na mabega mazito, vifungo havikutani. Mzazi huomba namba ya juu yake. Kifua kikaenea, lakini mikono ya shati ikafunika vidole na pindo likaning'inia karibu na magoti. Hapo ndipo fundi cherehani na futikamba yake hukumbukwa.

Mtoto ana bahati, kwa sababu anao mdomo wa kusema, "Mama, hapa panabana." Leo nataka tumtazame kiumbe anayevishwa nguo bila kuulizwa, naye hana mdomo wa kulalamika: farasi wa kimo kifupi na kiwiliwili kinene. Huenda ukasema kwamba habari za farasi hazituhusu sisi tunaogombea nafasi ndani ya basi kila asubuhi. Nakuomba uvumilie, maana mwisho wa safari yetu tutarudi mitaani kwetu.

FARASI NA NGUO

Katika nchi za baridi farasi huvishwa nguo za aina mbili. Ya kwanza ni blanketi zito, ambalo aghalabu upande wa juu hushonwa kwa kitambaa kisichopenya maji, nalo humkinga farasi na mvua, upepo na theluji. Ya pili ni shuka jepesi la kiangazi, lililofumwa mfano wa chandarua, ambalo kazi yake ni kuzuia inzi na wadudu wengine waumao.

Si kila farasi anahitaji blanketi. Farasi wa asili ya milima na visiwa vya baridi huota manyoya mazito majira ya baridi yanapokaribia, na manyoya hayo yakisimama hushika hewa ya joto karibu na ngozi. Ukimtandika blanketi bila sababu, unayalaza manyoya na kuivunja kinga aliyopewa na maumbile. Zaidi ya hayo, farasi wa namna hii hunenepa upesi, na unene ukipita kiasi humletea ugonjwa mchungu wa kwato. Majira ya baridi ndiyo wakati ambao mwili wake ungeyatumia mafuta hayo kujipasha joto. Blanketi basi ni la farasi mzee, mgonjwa, aliyekonda au aliyenyolewa manyoya, na la siku za mvua ya baridi isiyokoma.

Lakini shuka la wadudu ni habari nyingine. Kwa farasi fulani shuka hilo si pambo wala anasa. Ndilo linaloamua kama kiangazi kitakuwa malisho au mateso.

FARASI WA AISILANDI

Mfano ulio wazi ni farasi wa Aisilandi, kile kisiwa cha kaskazini ya mbali katika bahari ya Atlantiki. Farasi hawa ni wafupi, aghalabu baina ya sentimita 130 na 145 kutoka ardhini hadi mabegani. Mgongo wao ni mfupi, kifua kipana, shingo nene, tumbo la mviringo, na singa za shingo na mkia ni nyingi mno. Wana nguvu kupita kimo chao, hata mtu mzima huwapanda bila taabu. Waliletwa kisiwani na wahamiaji kutoka Skandinavia katika karne ya 9 na ya 10, na leo sheria ya nchi hiyo hairuhusu farasi yeyote kuingizwa kutoka nje. Hata farasi aliyezaliwa humo, akishauzwa na kuvuka bahari, harudi tena.

Kila mwaka farasi wengi wa kisiwa hicho huuzwa Ujerumani, Denmaki, Uswidi na kwingineko. Huko wanakutana na wadudu ambao mababu zao waliishi karne nyingi bila kusumbuliwa nao. Nao ni usubi, wadudu wadogo wenye urefu wa milimita 1 hadi 3, ambao huruka kwa wingi alfajiri na jioni, hasa mahali penye unyevu na pasipo na upepo. Usubi akiuma huacha mate kwenye ngozi, na mwili wa farasi huyo mgeni huyapinga mate hayo kwa ukali uliopita kiasi. Hali hiyo ndiyo iitwayo mzio. Farasi huwashwa, hujisugua kwenye miti na nguzo, singa zikakatika, ngozi ikachubuka, damu ikatoka, na inzi wengine wakafuata kidonda. Watafiti wamethibitisha kwamba farasi aliyezaliwa Aisilandi na kupelekwa ng'ambo hupatwa na ugonjwa huu kwa urahisi zaidi kuliko farasi wa ukoo huohuo aliyezaliwa Ulaya bara.

Tafakari, msomaji, hali ya mnyama huyo. Kwao hawezi kurudi, kwa kuwa sheria imefunga mlango. Ugenini kila kiangazi humletea mateso yaleyale, na wapo ambao hali yao huzidi hata wenye nao wakaona afadhali kuwaua kwa huruma. Baina yake na mateso hayo kuna vitu vichache: banda la kujificha usubi wanapotoka, malisho yaliyo mbali na madimbwi na yenye upepo, na shuka lililofumwa kwa matundu madogo sana, linalofunika shingo, kiwiliwili, tumbo na sehemu ya juu ya mkia. Shuka la kuzuia inzi wakubwa halitoshi, maana usubi hupenya matundu yake kama mtu apitavyo mlangoni.

NAMBA HAISEMI YOTE

Sasa twafika penye shida. Mwenye farasi huyo huenda dukani na kutaja namba. Lakini namba ya blanketi la farasi hueleza urefu peke yake. Uingereza urefu huo hupimwa kutoka katikati ya kifua, kuzunguka bega na ubavu, hadi ukingo wa nyuma wa tako. Ujerumani na nchi jirani zake aghalabu hupima mgongo tu, kutoka mwinuko ulio juu ya mabega hadi linapoanzia shina la mkia. Kwa sababu hiyo farasi mmoja aweza kuwa na namba mbili zinazopitana kwa zaidi ya sentimita 30, na asiyejua hununua nguo ya farasi mwingine kabisa.

Hata mwenye kujua haponi upesi. Blanketi nyingi zimekatwa kwa kufuata umbo la farasi mrefu mwenye mwili mwembamba. Farasi mnene akivishwa blanketi lenye urefu unaomfaa, kifua hubanwa na tundu la shingo humkaba kila ainamapo kula. Mwenye mali akikimbilia namba kubwa zaidi, kifua hupata nafasi, lakini nguo hupita mkia, tundu la shingo hurudi nyuma na kulalia mabega, uzito wote ukavuta hapo. Kila hatua ni msuguano. Baada ya siku chache manyoya ya bega hung'oka; baada ya wiki chache pana kidonda. Nguo kubwa nayo huzunguka na kuning'inia ubavuni, farasi akakanyaga mikanda yake, akaanguka au akaingiwa na hofu na kukimbia ovyo.

Dawa yake si namba kubwa, bali ni mkato mwingine. Yapo mablanketi na mashuka yaliyoshonwa kwa ajili ya farasi wa mwili mpana: kifua kirefu zaidi, tundu la shingo lililopanuliwa, ubavu ulioshuka chini ili kufunika tumbo, na mabegani vipande vya kupanulia, mfano wa taharizi za kanzu, ili mguu wa mbele unyooke bila kuvuta kitambaa. Mbele pawe na bizimu mbili zenye matundu ya kupunguza na kuongeza, kwa sababu farasi mnene hupungua na kuongezeka kwa majira.

KUPIMA NA KUKAGUA

Utaratibu wa kupima si mgumu. Farasi asimame sawasawa penye ardhi tambarare, watu wawili washike futikamba, mmoja kifuani na mwingine nyuma, nayo ipite kwenye sehemu iliyojitokeza zaidi ya bega na ya ubavu bila kulegea. Kisha upimwe mgongo, halafu shingo pale tundu la nguo litakapokaa. Vipimo hivyo viandikwe, na dukani ijulikane ni kipi kinachotumika.

Nguo ikishavaliwa, mkono ndio hakimu. Kiganja kipite kwa urahisi baina ya kitambaa na kifua, na vilevile juu ya mabega. Mikanda inayopita chini ya tumbo iache nafasi ya upana wa kiganja: ikibana itachubua, ikilegea sana farasi ataingiza mguu. Baada ya hapo aongozwe atembee, ageuke, ainamishe kichwa hadi kwenye majani. Nguo iliyopendeza farasi akiwa amesimama yaweza kuwa pingu akianza kwenda. Mwisho, nguo hiyo ivuliwe kila siku na ngozi ipapaswe, hasa mabegani, kifuani na juu ya mgongo. Kwa shuka la usubi, kila mshono uliofumuka ushonwe siku ileile.

SOMO LA PUNDA MILIA

Msaada mwingine umetoka kwa mnyama wetu. Tim Caro, mtaalamu wa wanyama ambaye aliwahi kuwachunguza duma wa Serengeti kwa miaka mingi, pamoja na wenzake, walitangaza mwaka 2019 matokeo ya uchunguzi waliofanya Uingereza, karibu na mji wa Bristol. Waliwatazama punda milia na farasi wakisumbuliwa na pange, yaani wale inzi wakubwa wafyonzao damu. Pange waliwakaribia wote kwa kiasi kilekile, lakini waliotua juu ya punda milia walikuwa wachache sana. Kisha farasi wakavishwa nguo nyeusi, nyeupe, na zenye milia. Kwa waliovaa milia, pange wachache tu waliweza kutua juu ya nguo hiyo. Ila vichwani, ambako nguo haikufika, pange walitua kama kawaida.

Yaangalie maneno hayo ya mwisho. Faida ya nguo hukoma pale nguo inapokoma. Uwe umenunua kitambaa cha ajabu namna gani, kama hakikumwenea anayevaa, wadudu watapata mlango.

MITAANI KWETU

Naahidi nilitoa, ndugu msomaji, kwamba tutarudi nyumbani. Farasi ni wachache katika Afrika Mashariki, na sababu moja ni magonjwa yanayoenezwa na wadudu, kama vile nagana iletwayo na mbung'o, na tauni ya farasi iletwayo na usubi. Mnyama wetu ni punda. Yeye ndiye avutaye mikokoteni ya maji na magunia pembezoni mwa miji mingi ya Tanzania na Kenya, na ndiye abebaye mawe na mchanga katika vichochoro vya Lamu. Hatumvishi blanketi, lakini tunamvisha matandiko ya kazi, na kosa ni lilelile: tunamvalisha kilichokatwa kwa mwili wa mwingine.

Mara nyingi punda hufungwa nira iliyochongwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, na nira huegemea mbele ya nundu hiyo. Punda hana nundu. Nguvu yake ya kuvuta imo kifuani na mabegani. Nira ikiwekwa shingoni mwake hugusa mfupa, nayo huchimba kila anapovuta. Kamba nyembamba ya nailoni nayo hukata kama kisu. Kinachomfaa punda ni mkanda mpana wa kifua, uliofungwa chini ya koo ili asikabwe pumzi na juu ya maungio ya miguu ili asizuiwe kutembea, uliozungushiwa kitambaa laini na kufuliwa jasho likikauka. Wa mzigo wa mgongoni atandikwe mito miwili minene, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, ili uti wenyewe usiguswe.

Wapo watakaojibu kwa methali, kwamba punda afe, mzigo wa bwana ufike. Lakini mwenye mkokoteni anajua hesabu: punda mwenye kidonda hulala siku kadhaa bila kazi, na watoto wa nyumba hiyo hula kutokana na kazi ya punda. Nasi tunaonunua maji yake mlangoni tunayo sauti. Tukiona damu chini ya nira, tumwambie mwenyewe kwa heshima, wala tusigeuze macho kwa kuwa dumu limekwisha kujaa.

Mtoto husema panapobana. Farasi na punda husema kwa manyoya yaliyong'oka. Kazi yetu ni kupapasa, kupima, na kulegeza kabla ngozi haijafunguka. Tukutane Jumapili ijayo.