Ndoo haifai, chukua bomba
Njia ya kusafishia filamu kwenye ndoo imesifiwa mno. Filamu ya Super 8 ina urefu wa mita 15. Ukiitumbukiza hivihivi inajisokota na kugandana, na palipogandana dawa haifiki. Bora uizungushe kwenye bomba la plastiki la maji machafu, lile la milimita 110. Mzunguko mmoja unakula sentimita 34 na ushei, kwa hiyo bomba la nusu mita linaibeba filamu yote bila kupandana. Upande wenye utando wa picha utazame nje. Ncha moja ifungwe kwa rababendi, maana filamu ikilowa hulegea. Kasoro ninayoiona ni kwamba chombo cha dawa kiko wazi, basi giza liwe totoro mpaka fiksa imalize kazi. Mnaosafishia bafuni, zibeni kwanza kile kidirisha.