Shirikisho Bila Kura ni Urithi wa Magavana

Wapo wasomi wanaodai kwamba Shirikisho la Afrika Mashariki ni jambo la kitaalamu: wanasheria waandike katiba, wananchi waelimishwe baadaye. Kauli hiyo imeutangulia uhuru wetu.

Mwaka 1945 Serikali ya Uingereza ilitoa Waraka Na. 191, uliopendekeza bunge la pamoja la Kenya, Uganda na Tanganyika lenye uwakilishi sawa wa Wazungu, Waasia na Waafrika. Walowezi wa Kenya wakapiga kelele. Mwaka 1947 ukatoka Waraka Na. 210, na usawa ule ukavunjwa kwa faida yao. Tarehe 1 Januari 1948, Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki ikaanza kazi kwa amri ya Mfalme. Magavana watatu, wakiwa na makao makuu Nairobi, walishika reli, bandari, posta na forodha. Mwananchi hakupiga kura hata moja.

Shirikisho lenyewe si dhambi. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi zetu ziungane. Dhambi ni kuunganisha mamlaka na kumwacha mwenye mamlaka nje ya mlango.

Tazameni Kariakoo. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kupinga kero za kodi. Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza, kwa sababu serikali yake inawajibika hapa. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, inayotawala mizigo yao bandarini, ilitungwa na Bunge la Afrika Mashariki, ambalo makao yake ni Arusha na ambalo wabunge wake huchaguliwa na mabunge ya nchi. Sheria hiyo ikiwaumiza, wamnyime nani kura?

Mwaka 2007 Watanzania waliulizwa maoni, na wengi wakakataa shirikisho liharakishwe. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wakaridhia konfederesheni kama hatua ya mpito. Maoni husikilizwa au hupuuzwa. Kura hufunga mikono ya mtawala.

Basi tudai mambo matatu: rasimu ya katiba isambazwe kwa Kiswahili, wabunge wa Afrika Mashariki wachaguliwe na wananchi, na pasiwe na saini kabla ya kura ya maoni. Anayeona madai haya yanachelewesha umoja atueleze umoja wake unatofautianaje na ule wa magavana.