Chembe za Sumaku: Chanzo Kiko Wazi, Tunangoja Nini?

Wadau, kuna sentensi imenichosha: eti nanoteknolojia si ya watu kama sisi. Juzi nimeisikia tena hapa Sotik, kutoka kwa jamaa ambaye simu yake ya Android inaendeshwa na Linux, na hajawahi kuuliza kama Linux ni ya watu kama yeye.

Mwaka 2020 maabara ya KEMRI kule Kericho ilikuwa miongoni mwa zile zilizopima korona. Mwaka huohuo upimaji nchini ulikwama kwa uhaba wa vitendanishi vya kutoka ng'ambo. Mashine nyingi za aina hiyo hutegemea chembe za sumaku: oksidi ya chuma iliyovikwa silika, kitu kilekile cha mchanga. Unapasua virusi kwa chumvi kali, jeni zinanata kwenye silika, unaweka sumaku kando ya kichupa, unamwaga uchafu, jeni zinabaki. Basi! Tia rangi ing'aayo ndani ya silika hiyo, na chembe ileile utaivuta kwa sumaku na kuiona kwa darubini.

Siri iko wapi? Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walichapisha mradi wa BOMB (jina baya, najua): maelekezo ya kutengeneza chembe hizi, bure kwa yeyote. Chumvi za chuma, alkali, joto, kukoroga, kuosha. Yaani msimbo chanzo uko hadharani na sisi tunaendelea kununua boksi lililofungwa.

Mtaniambia ubora. Sawa. Kundi moja likitoka na chembe kubwa na jingine ndogo, majibu yanayumba, na sitaki mgonjwa apimwe kwa kubahatisha. Basi tuanze na ng'ombe. Huku tunaishi kwa chai na maziwa, na ndigana kali, ile homa ya kupe, inaua ndama. DNA ya kimelea chake imo kwenye damu, na chembe hizihizi zinaweza kuitoa.

Lakini sisi waandishi wa programu tunashindana kutengeneza programu nyingine tena ya kuuza maziwa!

Wahadhiri wa kemia pale Kabianga, programu ya kuweka kumbukumbu za kila kundi, yaani halijoto, muda, ukubwa wa chembe, nitaiandika mimi, bila malipo. Nileteeni tu kundi la kwanza.