"Nataka Kusaidia Watu" Si Jibu

Juzi dem mmoja wa hapa Kongo, Kawangware, ameniuliza: "Aki, intavyu ya udaktari nitaambia hawa watu nini?" Wacha nijibu hapa, najua si yeye pekee.

Kwanza tuelewane. Ukipata udaktari kupitia KUCCPS, hakuna mtu anakuuliza kwa nini. Wanaangalia alama za KCSE, basi. Maswali huja kwa vyuo kadhaa vya kibinafsi na kwa wanaotoa ufadhili.

Mimi intavyu ya kwanza nilianguka. Nilienda na stori ya huruma: nyumba ya mabati, mtaro nje ya mlango, shosh mgonjwa wa presha. Nikamalizia, "Nataka kusaidia watu." Mama mmoja kwa jopo akauliza polepole, "Na wewe ulifanya nini?" Nikakwama. Ukweli mtupu, sikuwa nimefanya kitu. Nilikuwa nimeenda kuuza umaskini wetu.

Nikarudi mtaa. Mwaka mzima, kila Jumamosi, nilimfuata mhamasishaji wa afya ya jamii wa kwetu, mmoja wa wale 100,000 waliozinduliwa mwaka wa 2023. Nilibeba mashine ya presha, nikaandika majina. Hapo ndio nikajua shosh na majirani kadhaa hukata tembe nusu ndio zifike mwisho wa mwezi. Presha haishuki, halafu wanaambiwa ni wakaidi.

Mara ya pili swali lilikuwa gumu zaidi: "Mbona si uuguzi? Mbona usiwe afisa wa kliniki?" Na usiwahi dharau hao watu. Iwe Kongo ama Kibera, ukienda kliniki ya mtaa, mara nyingi ndio wanakuhudumia. Nilijibu: "Jirani yetu figo zilipoanza kumsumbua, afisa wa kliniki alimwandikia barua aende mbele. Mimi nataka kuwa huko mbele anakotumwa." Nikapita.

Na usidhani jopo ndilo litauliza mara ya mwisho. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi 14. Vita moja ilikuwa pesa ya madaktari wanagenzi: makubaliano ya 2017 yalikuwa kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema 70,000. Hapo mtu ameshasoma miaka sita. Siku kama hiyo utajiuliza mwenyewe kwa nini uliingia, na jibu la kukariri halitakubeba.

Kwa hivyo, siz, stori ya mtaa usiifiche. Iseme, lakini iwe mwanzo wa jibu, isiwe jibu lote. Sema uliona nini, ukafanya nini, ukakwama wapi, na kwa nini ni daktari tu ndiye angeendelea kutoka hapo.

Kama bado huna la kusema, usijali sana. Jumamosi inakuja.